Maswali kwa Fundi: Altezza inayoanza kutetemeka Usa River

Barua za mwezi huu karibu zote ni za watu wenye magari ya chini, yale ya kukimbia. Masika yamepita, mashimo yamebaki, na sasa miguu ya magari inalalamika. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu mno, kwa sababu mwenye gari ameshachomoa pesa nyingi na gari liko palepale, na watu wa aina yake naletewa hapa gereji kwangu Unga Limited karibu kila wiki. Wengine mtanivumilia.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Altezza RS200, gia sita za mkono. Nikitoka mjini kwenda Moshi, nikishaipita Usa River na mshale ukafika 90, usukani unaanza kutetemeka mpaka viganja vinawasha. Nikikanyaga zaidi, kwenye 115 hivi unatulia. Nimebadilisha boljointi za chini, tairodi endi zote mbili na shokapu za mbele. Bado. Balansi nimefanya mara mbili, Ngarenaro na Kijenge, kote wanasema iko sawa. Sasa fundi anataka tubadilishe reki ya usukani. Mpaka hapa imeshanila laki tisa na ushee. Mwezi wa tatu nilifunga rimu za inchi 18, gari limependeza kweli. Niweke reki au niuze? – Chalii wa Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba chalii wangu. Usiuze, na hiyo reki, ule mtambo wa meno unaogeuza tairi ukikata usukani, waambie wairudishe dukani. Barua yako nimeisoma mara mbili. Jibu liko pale kwenye gari kupendeza, nawe umepaandika kama salamu tu.

Tuanze na hesabu, si ngumu. Tairi la kiwandani la RS200 ni 215/45 la inchi 17. Likizunguka mara moja linatembea karibu mita 2, na hilo lako la 18 halipishani nalo sana. Kwenye 90, gari linakwenda mita 25 kila sekunde. Kwa hiyo tairi linazunguka mara 12 au 13 kwa sekunde moja, na kama kuna kitu hakijakaa katikati, kitaupiga mguu wa gari mara hizohizo 12 au 13. Ndiyo ile unayoisikia viganjani. Ingekuwa propela, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye tairi za nyuma, ambayo kwenye gari lako inazunguka karibu mara nne ya tairi, usingesikia kutetemeka. Ungesikia mvumo, kama nyuki wamejaa chini ya kiti.

Mbona basi linatulia kwenye 115? Kwa sababu mguu wa gari, na springi yake na bushi zake (mipira ya kwenye viungo), ni kama bembea. Ukiisukuma kwa wakati wake inapanda, ukiisukuma haraka kuliko wakati wake haikujali. Kwenye 90 hadi 110 tairi linasukuma kwa wakati wa bembea. Ukizidisha mwendo, ugonjwa haujapona, umeuacha nyuma tu. (Na hapo Kikatiti wenye tochi hawatakuuliza habari za bembea.)

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo lililokula laki tisa zako. Boljointi (kiungo cha mguu chenye kichwa cha duara), tairodi (fimbo inayotoka kwenye reki kugeuza tairi) na bushi hazizunguki, na kisichozunguka hakiwezi chenyewe kupiga mara 12 kwa sekunde. Hivyo ni kama mlango. Mlango mbovu unaacha kelele za nje ziingie ndani, lakini anayepiga kelele yuko barabarani. Wapiga kelele ni tairi, rimu, diski, habu (kitovu kinachofungwa rimu), ekseli, propela. Fundi aliyeanza na mlango, kabla hajachungulia nje nani anapiga kelele, alikuwa anakuuzia spea.

Nirudi kwenye rimu. Rimu ya Altezza ya kiwandani ina tundu la katikati la milimita 60.1, na tundu hilo linakaa juu ya shingo ya habu kama mfuniko juu ya sufuria yake. Rimu nyingi za kununua hutengenezwa na tundu kubwa ili zifae magari mengi, na 73.1 ni saizi utakayoikuta sana. Toa hesabu: milimita 13, yaani sita na nusu za hewa kila upande. Shingo ya habu haibebi kitu. Rimu imening'inia kwenye nati tano peke yake, na ikiwa fundi aliibana kwa bunduki ya upepo huku gari limeshuka chini, nati ya kwanza iliyobana ndiyo iliyoamua rimu ikae wapi. Nusu milimita pembeni inatosha kukuwasha viganja.

Na balansi? Mashine hazikudanganya, wala watu wa Ngarenaro na Kijenge. Kwenye mashine, rimu inashikwa na koni inayoingia kwenye lile tundu la katikati, kwa hiyo kule inakaa sawasawa na mashine inaandika sifuri. Ukiifunga kwenye gari haina koni. Unaweza kubalansi mpaka mwaka mpya.

Mwezi uliopita niliingiziwa Altezza nyeupe yenye malalamiko kama yako. Nilitoa tairi la mbele kushoto, nikalirudisha kwenye bolti zake bila nati hata moja, nikamwita mwenye gari. Nikamwambia shika juu, shika chini, tikisa. Rimu ikaenda kla, kla, kla, juu ya bolti, unaona kabisa mwanga unapita kati ya tundu na habu. Akanitazama. Nikampa kidole chake kazi ya kuzunguka shingo ya habu: ilikuwa na kutu ya kahawia iliyokauka pande zote. Alikaa kimya halafu akauliza, "Na reki niliyonunua?" Reki alikuwa amenunua.

Dawa ni pete. Kuna pete za plastiki ngumu au alumini zinazojaza hiyo nafasi, nje 73.1 ndani 60.1, lakini usinunue kwa kukisia, pima tundu la rimu zako kwanza. Ukikosa dukani, fundi wa kukereza vyuma anakutengenezea za alumini akiwa na vipimo hivyo viwili. Piga habu brashi ya waya mpaka chuma kionekane, weka pete, weka rimu. Halafu angalia nati. Rimu nyingi za kiwandani za Toyota zinatumia nati yenye shingo na washa bapa, wakati za kununua nyingi zinataka nati yenye mdomo wa koni. Ukifunga ya washa kwenye tundu la koni, umefunga gari kwa dua. Kaza kwa mkono gari likiwa juu, nati moja kisha ile ya mbali nayo, kama unachora nyota, huku unaitikisa rimu ijitafutie katikati. Shusha, malizia kwa spana ya kupimia kwenye Nyutonimita 103. Ile bunduki ya upepo iache itumike kufungulia.

Kabla hujatumia hata shilingi, jaribu hivi: rimu zako za zamani bado unazo? Zifunge mbele, nenda mpaka Maji ya Chai, rudi. Kama umeziuza, azima kwa rafiki mwenye Altezza. Tetemeko likiondoka, umepata jibu bila kununua kitu. Likibaki, azima na za nyuma. Kawaida tetemeko lililo kwenye usukani linatoka mbele, na lililo kwenye kiti huku usukani umetulia linatoka nyuma, ingawa nimeona yakidanganya.

Tairi zenyewe pia zitazame. Nyingi za saizi yako mjini hapa ni mtumba. Ubavuni tafuta herufi DOT, soma tarakimu nne za mwisho: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi kuukuu lililokaa ghalani limelalia upande mmoja linaweza kupata ubapa usiotoka, na balansi hailitibu, kwa sababu uzito uko sawa, umbo ndilo limeharibika. Lizungushe taratibu likiwa juu ya jeki, weka ncha ya bisibisi karibu na uso wake. Nafasi ikiwa inafunguka na kujifunga, tairi si duara.

Sasa vitu ulivyobadilisha. Ulivyotoa unavyo? Mteja akibadilishiwa kitu kwangu, cha zamani anaondoka nacho kwenye mfuko, akitaka akakitupe nyumbani kwake. Boljointi ya chini ya Altezza inapimwa kwa namna yake na wengi wanaikosea. Kwenye gari hilo springi inakalia amu ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika mguu. Ukipandisha gari kwa jeki iliyowekwa kwenye chesesi, springi inasukuma amu chini, boljointi inabanwa, na hata iliyokufa inajifanya nzima. Weka jeki chini ya amu yenyewe, karibu na boljointi, mzigo uondoke, ndipo utikise. Subaru ni kinyume, mguu wake uning'inie.

Vitabu vya ufundi vinasema shika tairi kwenye saa tisa na saa tatu, halafu saa kumi na mbili na saa sita. Vijana wangu walibishana siku moja kama ni saa za Kizungu au za Kiswahili. Haina neno. Tisa yao ni tatu yetu na tatu yao ni tisa yetu, mikono inaangukia palepale. Ikicheza kulia na kushoto, tuhumu tairodi endi au rekendi, kiungo cha ndani cha tairodi pale inapoingia kwenye reki. Ikicheza juu na chini, ni boljointi au beringi, na hapo mwambie mtu akanyage breki: mchezo ukipotea, ni beringi.

Jambo la mwisho. Umebadilisha tairodi endi na hukuniambia kama umefanya alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa tairi. Kama hujafanya, hizo tairi za 18 zinaliwa sasa hivi ukisoma. Malizia pete, halafu alaimenti, kwa mpangilio huo.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Subaru Impreza ya 2004 yenye turbo. Nikipita kwenye rasta au kwenye vumbi la kwetu Pasua, mbele kushoto inagonga ko-ko-ko. Kwenye lami nzuri ni kimya. Cha ajabu, tuta kubwa nikilipanda kwa magurudumu yote mawili pamoja, haigongi. Fundi mmoja hapa mjini amesema reki imekufa, niandae laki sita na nusu ya reki ya mtumba. Mume wangu anasema niongeze sauti ya redio. – Mama wa Pasua, Moshi

JIBU: Nzuri mama. Hapo kwenye tuta umemaliza nusu ya kazi yangu, na mafundi wengi hawaulizi swali hilo.

Kati ya mguu wa kulia na wa kushoto kuna fimbo ya chuma, stabilaiza, inayozuia gari lisilale kwenye kona. Imeunganishwa na kila mguu kwa kijiti kifupi chenye viungo kila ncha, hicho ndicho stabilaiza linki. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, fimbo inazunguka tu kwenye bushi zake na linki hazifanyi kazi yoyote. Kwenye vumbi gurudumu moja linapanda na jingine linashuka, linki zinavutwa huku na huku, na kiungo kilicholegea kinagonga. Reki haijui kama tuta umelipanda kwa miguu miwili au mmoja kwa namna hiyo.

Nakuambia kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kula hasara hiyo. Mwaka wa kwanza wa gereji yangu aliletwa mtu na Impreza inayogonga, nikamsikiliza, nikasema reki kwa sauti ya mtu anayejua. Nikafunga reki. Akatoka getini, ko-ko-ko. Nililala chini ya gari lile mpaka jioni, na mwishowe nilichokipata ni kijiti cha urefu wa kiganja, mpira wake umepasuka, mchanga umeingia, kinacheza kama jino la mtoto. Nilimrudishia reki yake ya zamani kwa mikono yangu na sikumdai kitu. Tangu siku ile linki naanza nazo.

Jaribio ni hili. Gari likiwa chini, usukani ukatwe upande mmoja ili upate nafasi, mtu mmoja asukume kona ya gari juu chini, mwingine ashike linki kwa vidole. Usitegemee sikio, chuma kinabeba sauti na kelele ya kushoto unaweza kuisikia kulia. Vidole havidanganyi: kiungo kibovu kinakudonoa. Ukiwa bado na shaka, mwambie fundi afungue linki zote mbili, azifunge pembeni kwa waya, mwende polepole kwenye vumbi lilelile la Pasua. Kukiwa kimya, umelipata. Usiende nalo mbali hivyo, kwenye kona litalala kama jahazi.

Zikibadilishwa, ziende mbili. Na zile bushi mbili zinazoshika fimbo kwenye chesesi zitazamwe hapohapo, ni mpira tu, si ghali.

Ikiwa si linki, kuna sehemu nyingine mbili za kutazama kabla ya reki. Ya kwanza ni maunti ya juu ya shokapu. Shika springi ya mbele kwa kiganja, mtu akate usukani gari likiwa limesimama. Springi inatakiwa izunguke laini. Ikikwama halafu ikaruka, tong, maunti imekufa. Ya pili ni bushi ya nyuma ya amu ya chini. Mwanga wa simu unatosha: ukiona mpira umechanika kutoka kwenye chuma, ni hiyo, na pengine umeshaona gari linayumba kidogo ukifunga breki. Bushi hiyo ikibadilishwa, hakikisha bolti inakazwa mwisho mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ikikazwa mguu unaning'inia, mpira unashikwa ukiwa umepindwa, gari likishuka unajinyonga, na baada ya miezi michache mtarudi palepale mkilaumu bushi za bandia.

Ukitaka kujua kama reki ina hatia, mtu atikise usukani kidogo tu kulia kushoto, injini ikiwa inawaka, wewe weka kidole kwenye kila kiungo kwa zamu kuanzia nje: tairodi endi, kisha rekendi juu ya buti lake, kisha penye bushi zinazoshika reki. Zile bushi nazo hulegea na kugonga, na reki nzima hutupwa kwa ajili ya mpira.

Mume wako msamehe.

SWALI: Kaka fundi, Mark X yangu ya 2006 usukani unakuwa mgumu sana asubuhi, na kuna taa ya usukani inawaka. Nimeambiwa ninunue pampu ya haidroliki. – Msomaji, Njiro

JIBU: Fungua boneti utafute kikopo cha mafuta ya usukani. Kama hukioni, na nadhani hutakiona, msaidizi wako ni mota ya umeme, na huyo mtu anataka kukuuzia pampu ya gari jingine. Usukani wa umeme ukikosa nguvu ya betri unajizima na kuwasha taa. Pima betri kabla ya kuwasha: ikiwa nzima na imejaa inaonyesha karibu volti 12.6. Ukiwasha injini, ipande kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Isipopanda, alteneta au mkanda wake. Ikiwa iko sawa, safisha vichwa vya betri na waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi, ndipo uende kwa fundi mwenye kompyuta asome namba ya hitilafu. Namba kwanza, spea baadaye.

SWALI: Fundi, mimi ni mzee, nipo Tengeru. Mjukuu wangu alichukua Mark II yangu, GX100, akakata springi ili iwe chini kama za wenzake. Tairi mpya za mbele zimekwisha upande wa ndani mpaka waya zinaonekana, hata miezi minne haijafika. Wa alaimenti wamesema wameshindwa. Gari sasa linapiga chini kwenye kila tuta. Nifanye nini, na mjukuu nimfanye nini? – Mzee wa Tengeru

JIBU: Shikamoo mzee. La mjukuu nakuachia wewe.

Walisema kweli wale wa alaimenti. Gari hilo lina amu ya juu fupi na ya chini ndefu. Likishushwa, amu ya juu inavuta kichwa cha tairi ndani, na gari linasimama miguu imepanuka chini kama ndama aliyezaliwa leo. Hiyo peke yake inakula ndani polepole. Kinachokula kwa kasi ya miezi minne ni tairi kutazama pembeni badala ya mbele, maana mguu ukishuka hata tairodi zinabadilisha pembe. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu urudi. Upande mmoja ukiwa laini na kurudi ukakukwaruza kama msasa, ni hilo.

Springi iliyokatwa haifai kurekebishwa, itupwe. Ukiikata inakuwa fupi na ngumu zaidi, lakini haikai tena kwenye kitako chake, na kama walikata kwa gesi, chuma pale kimepoteza ukomavu wake. Shokapu nazo zimefanya kazi karibu na mwisho wa safari yake muda wote huo, ndiyo kule kupiga. Nunua springi za kiwandani nne, hata za mtumba ambazo hazijakatwa, jozi jozi za gari moja. Kagua shokapu kwa kuvuja mafuta. Safiri wiki moja springi zikae, kisha alaimenti, kisha ndipo tairi mpya. Tairi zikitangulia utanunua mara mbili.

Mjukuu akitaka gari la chini, kuna springi fupi zinazotengenezwa hivyo tangu mwanzo na shokapu zake. Ni pesa. Anaweza kuanza kudunduliza.

SWALI: Fundi habari. Altezza yangu ya otomatiki haitetemeki kabisa kwenye mwendo, ila nikikanyaga breki tu. Inaanza nikishuka kutoka Marangu, mpaka nikifika Himo usukani unacheza ngoma. Pale Himo huwa naosha gari kwanza, nikiendelea na safari ya Moshi inazidi. Ni boljointi? – Dada wa Marangu

JIBU: Nzuri dada. Si boljointi. Kinachotetemeka kwenye breki pekee, kwa kawaida ni diski za mbele: uso wake umepishana unene, na tofauti unayoisikia mguuni na mkononi ni ndogo kuliko unene wa karatasi. Zikipata moto kwenye ule mteremko mrefu, tofauti inakua.

Fundi atoe diski, asafishe kutu kwenye habu nyuma yake, maana kutu kidogo pale kunaifanya diski ikae upande. Apime unene: kipimo cha chini kabisa kinachoruhusiwa huwa kimechongwa kwenye diski yenyewe. Zikiwa bado nene zinaweza kukerezwa, zikifikia kile kipimo zibadilishwe zote mbili na pedi zake. Nati zikazwe kama nilivyomwambia chalii wa Sakina. Aangalie pia kama pistoni ya kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, inarudi, kwa sababu breki inayoburuza huchemsha diski hata barabara tambarare. Ukifika Himo sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, ile yenye joto kuliko wenzake ndiyo hiyo.

Kushuka, toa D weka gia ya chini, injini ikushikie gari. Na kule kuosha pale Himo, diski zikiwa bado zina moto na kijana anakuja na mpira wa maji baridi, mwambie aanze na madirisha. Wewe agiza chai, ikishapoa kwenye kikombe, magurudumu nayo yatakuwa yamepoa.